Usiweke Karatasi ya Mgonjwa Mfukoni Mwako

Salaam aleikum kwa wanaosalimiwa hivyo, na nyinyi wengine, habari zenu.

Nyinyi mnaofanya udalali katika soko la mifugo hapa Isiolo mnanijua. Mimi ni yule Mzee Hassan wa shuka la kijani, niliyekuwa nikisimama karibu na lango la ng'ombe na kuwafokea kila mlipokanyaga kamba za watu. Kwa asiyenijua, nimeuza mifugo kwa miaka zaidi ya thelathini, na katika kazi hiyo hakuna mnyama hata mmoja aliyekuwa wangu. Ndiyo udalali wenyewe. Mfugaji anakukabidhi mnyama, mnunuzi anakupa mkono, nawe unapata kidogo kwa huyu, kidogo kwa yule, na matusi kwa wote wawili.

Magoti yalipokataa kazi nikaenda kukaa nyumbani. Sikuwa na mpango wa kuandika kitu. Lakini mwezi uliopita nilikuja sokoni, yakatokea yaliyotokea mbele ya wengi wenu, na nimesikia mnasema mzee amerukwa na akili, ameingiza mkono chini ya shuka la watu. Sijarukwa na akili. Kaeni niwaeleze, na mkichoka mnywe chai kwanza, maandishi hayaendi popote.

Mnyama haji sokoni bila sababu, na dalali mzuri huisoma sababu kabla ya kusoma meno. Ng'ombe wa karo huja shule zikikaribia kufunguliwa, na mwenyewe hulalamika njia nzima. Ng'ombe wa harusi huletwa na mtu aliyevaa vizuri, anayecheka ovyo. Ng'ombe wa ukame huja wengi pamoja, mbavu nje, na siku hiyo hakuna anayecheka. Lakini kuna mnyama mwingine. Ni mbuzi wa maziwa, chuchu zimejaa, mtoto wake kaachwa nyumbani akilia. Au ni mtamba mwenye mimba ambaye angezaa baada ya wiki chache. Mfugaji mwenye akili timamu hauzi mnyama kama huyo. Ukimwona, mwache mnyama, mtazame mwenyewe. Nguo alizovaa ndizo alizolalia. Hatazami wanunuzi, anatazama barabara ya mjini. Na kwenye mfuko wa shati, karibu kila mara, kuna karatasi iliyokunjwa mara nne. Huyo ni mnyama wa hospitali.

Mtaniambia, Mzee, matibabu ya serikali si ni bure? Ni bure, sikatai. Mimi mwenyewe nimelazwa bure. Kitanda bure, daktari bure, na kipimo, mashine ikiwa nzima, bure. Halafu daktari, naye masikini hana la kufanya, anafungua kabati, anafunga kabati, anakuandikia karatasi na kusema, hii mnunue nje. Leo ni dripu, kesho ni uzi wa kushonea, kesho kutwa ni glavu atakazovaa yeye mwenyewe. Ni kama kualikwa karamu kisha ukaambiwa uje na nyama. Siku hizi kuna hii bima mpya, mnajiandikisha kwa simu na kuweka kidole kwenye kile kidude. Kuna wengine imewafaa, siwezi kusema uongo. Lakini kidole hakiponyi mtu kama kabati ni tupu.

Kwa hiyo watu wetu wamejifunza kupambana. Wanachangishana msikitini baada ya sala ya Ijumaa, wanachangishana kanisani, wanasumbuana kwenye makundi ya ukoo kwenye simu mpaka binamu aliye mbali anazima yake. Wengine wananunua vidonge vya siku tatu badala ya saba, wakitumaini ugonjwa nao hautajua kuhesabu. Wengine wanatoka wodini kabla ya kupona ili mgonjwa asiandikiwe karatasi nyingine. Haya yote yakishindikana, linabaki zizi. Wenzetu wana benki, sisi tuna kwato.

Mimi nilikuwa najua dawa imeisha hospitali kabla ya wakubwa wa kaunti kujua. Nikiona asubuhi moja mbuzi wa maziwa watatu kutoka nyumba tatu tofauti, najua kuna chupa fulani ya watoto haipo kwenye kabati. Sikujivunia kujua. Ni kazi tu, kama fundi anavyojua gari kwa mlio.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Jama, Mungu amrehemu. Babu yake, kama babu yangu, aliletwa huku na jeshi la Mwingereza, vita vikaisha, akasahauliwa hapa akiwa na mifugo wachache, nasi wajukuu tumebaki kuwa watu wa biashara na malori. Mzee Jama alikuwa mfupi, mkali, hana meno ya mbele, lakini mikono yake ilikuwa na lugha.

Wengi wenu bado mnaijua lugha hiyo, ingawa nawaona wengine mnaonyeshana bei kwenye kioo cha simu kama watoto wanaoonyeshana picha. Dalali na mnunuzi wanashikana mikono, shuka linafunika. Kidole kimoja kina bei yake, viwili vina bei yake, kukwaruza kiganja ni nusu. Waliosimama pembeni wanaona nyuso mbili tu zilizotulia. Na kuna adabu yake. Mikono ikishaingia chini ya shuka, mwenye mnyama hasemi kitu. Ameshamkabidhi mtu amana. Akitia neno, ni kama amemtukana dalali wake mbele ya soko zima.

Sasa habari ya karatasi ilianzaje? Ilianza na mbuzi. Zamani watu walikuja na karatasi zao za hospitali mkononi. Kuna mama mmoja Mturkana alileta mbuzi amuuze apate dawa ya mumewe. Alipoinama kufunga kamba, mbuzi akanyoosha shingo, akaivuta karatasi kutoka mkononi mwake akaila. Yote, mpaka mhuri. Soko zima lilicheka, na yule mama naye akacheka, kisha akaketi chini akalia, maana ilibidi arudi kupanga foleni upya.

"Mbuzi huyu sasa amepona kabisa," Mzee Jama akasema. "Mgonjwa bado."

Tangu siku hiyo akawa anawachukulia watu karatasi zao na kuziweka mfukoni mwake mpaka mnyama auzwe. Lakini sababu kubwa haikuwa mbuzi. Mnunuzi akiona karatasi ya hospitali anajua huwezi kukataa bei, na bei inashuka hapo hapo. Mzee Jama alinikalisha chini akanieleza.

"Hassan, karatasi ichukue wewe. Mfuko wa mwenye mnyama uwe mtupu, uso wake uwe kama wa mtu alikuja kutembea tu. Na wewe usisome hiyo karatasi. Usiulize nani mgonjwa, usiulize anaumwa nini. Ukijua, mkono wako itatetemeka. Mnunuzi hasikii maneno, anasikia mkono. Haraka haraka haina baraka."

Nikaishika sheria hiyo kama ninavyoshika sala. Na naapa iliwasaidia watu. Wengi waliokuja wakiwa tayari kupokea chochote waliondoka na bei ya mtu aliyeshiba. Nikapata sifa. Watu walitoka mpaka Biliqo, mwendo wa siku nzima kwenye lori, wakifika sokoni swali la kwanza ni, "Hassan yuko?" Nilipenda sana kuulizwa hivyo. Hilo nalo mlijue, kwa sababu lina mchango wake katika yanayofuata.

Nawaambia sasa habari ya Tume.

Tume ni binti wa Galgalo, mfugaji wa Kulamawe ambaye nilimuuzia mifugo miaka mingi. Wakati huo alikuwa ameolewa, hata mwaka haujaisha. Alikwenda kuokota kuni jioni akakanyaga kifutu, yule nyoka mnene mvivu ambaye hata hakimbii mtu. Akaumwa juu kidogo ya kifundo cha mguu. Zahanati ya kwao wakamsafisha na kumfunga, watu wakachanga mafuta ya gari, akaletwa hospitali na mama yake. Kitanda akapata, bure. Dawa ya sumu ya nyoka haikuwepo. Iliandikwa kwenye karatasi, na ilikuwepo katika duka moja la dawa hapa mjini, kwa pesa ambazo nyumba kama ile haina ila ikiwa imesimama kwa miguu minne.

Haya yote niliyajua baadaye. Asubuhi ile nilichoona ni Galgalo akishuka kwenye lori la mifugo na ng'ombe mmoja mwekundu wa maziwa. Alikuwa amepitia hospitali kwanza, lori likamngojea. Nguo alizovaa ndizo alizolalia.

"Nagaa, Galgalo?" nilimsalimu kwa Kiborana.

"Nagaa. Hassan, hii ng'ombe inauzwa leo. Sasa hivi."

"Tutauza. Lete karatasi."

"Hii karatasi ni ya…"

"Usiniambie, mzee wangu. Lete tu."

Akanipa. Nikaitia mfukoni, upande wa moyo, nikafunga kifungo.

Mnunuzi alikuwa Mwenda, mfanyabiashara wa nyama kutoka Meru, mtu muungwana asiyependa kelele. Saa nne tulikuwa tumeshashikana mikono chini ya shuka langu la kijani. Bei yake ya kwanza haikuwa mbaya. Nimekuja kujua kwamba ingetosha dawa na nauli za wote kurudi nyumbani. Lakini mkono wa Mwenda ulikuwa na joto, na mnunuzi mwenye mkono wa joto ana mahali anapotakiwa kupeleka nyama. Nikajua huyu atapanda. Nikaachia mkono wake, nikatazama pembeni, nikasalimia watu. Akaenda, akarudi. Akapanda kidogo. Nikaachia tena.

Katikati ya mambo hayo nikahisi mkono begani. Alikuwa Galgalo. Hakusema kitu, adabu haikumruhusu. Aligusa tu, akauacha mkono pale kidogo. Nami nikamsukuma kwa kiwiko, bila hata kugeuka, nikisema moyoni, huyu mzee atatuharibia. Akarudi kwenye kivuli cha lori, akasimama.

Mwenda aliondoka mara tatu na kurudi mara tatu. Adhana ya adhuhuri ilipita tukiwa bado tumeshikana. Saa saba hivi akakubali, na bei ile ilizungumzwa sokoni wiki nzima. Nilipomkabidhi Galgalo pesa na karatasi yake, hakuhesabu. Alikimbia, mtu wa umri ule, kikoi kimeshikwa mkononi, mpaka akapata boda boda pale barabarani.

Nikawageukia wenzangu nikasema, "Leo mzee ana haraka ya kula nyama." Wakacheka. Nami nikacheka.

Zilipita wiki kadhaa. Siku moja Galgalo akaja sokoni bila mnyama, kibuyu begani. Alikuwa ameniletea maziwa ya ngamia, yaliyofukizwa moshi kama nipendavyo.

"Tume anakusalimia," akasema.

"Tume ni nani?"

Hapo ndipo alipokaa akanihadithia niliyowahadithia nyinyi. Nyoka, kuni, kitanda, karatasi. Akanionyesha kwa kiganja chake, chini kidogo ya goti.

"Walikata hapa. Daktari alinigombesha sana. Akasema hii dawa ingekuja asubuhi, labda mguu ingepona. Nikamwambia, daktari, ng'ombe haiuzwi kama sukari dukani. Soko iko na mwendo yake." Akanipiga kofi la upendo gotini. "Lakini wewe Mungu akubariki, Hassan. Hiyo bei! Ile pesa ilibaki ndio tulimnunulia magongo."

Nilikaa na kibuyu mapajani. Ile nyongeza niliyoipigania tangu saa nne mpaka saa saba, ndiyo iliyonunua magongo.

Kukataa maziwa ya mtu ni kumkataa mwenyewe. Nikayanywa yote, yeye akinitazama na kutabasamu. Katika maisha yangu sijameza kitu kigumu kuliko maziwa yale.

Sikumwambia. Nilikuwa na maneno mdomoni, nikayameza pamoja na maziwa. Ningemwambia nini? Kwamba alipogusa bega langu alikuwa anaomba mguu wa mtoto wake, nami nikampa kiwiko? Galgalo alikufa miaka miwili iliyopita, na watoto wake wananiambia alikuwa akinitaja kwenye dua zake. Kila nikisikia hivyo natamani ardhi inifunike. Tume nimemwona mara mbili hapa mjini. Ana watoto sasa. Huniamkia kwa heshima, "Shikamoo baba," magongo yamebana kwapani, nami hutafuta haraka kitu cha kuangalia mahali pengine.

Tangu siku ya maziwa sikuchukua tena karatasi ya mtu. Nilianza kuuliza. Kabla ya meno na kabla ya bei, nilimwambia mwenye mnyama, mgonjwa anangoja mpaka saa ngapi? Akisema ni dawa ya presha, inaweza kungoja kesho, basi nilipigana na mnunuzi mpaka jua lizame, maana hapo haraka haina baraka kweli. Akisema daktari anaingoja, nilichukua bei ya kwanza ya mtu wa kwanza, hata ikiwa ya kuudhi. Wazee walikuwa na methali ya pande zote mbili. Kuna haraka haraka haina baraka, na kuna ngoja ngoja huumiza matumbo. Kazi ni kujua leo ni siku ya ipi, na hakuna njia ya kujua ila kuuliza. Kuuliza si ujinga. Mkono ukitetemeka, na utetemeke.

Mlianza kusema Hassan amezeeka, amepoteza mkono, anauza ng'ombe wa watu kama anauza nyanya zinazooza. Nilisikia. Nilikubali kusemwa hivyo kuliko kusema ukweli, na hilo ndilo kosa langu la pili, kubwa kuliko la kwanza. La kwanza sikujua. La pili nilijua. Niliwafundisha kazi wengi wenu, mkaichukua ile sheria ya Mzee Jama kutoka kwangu. Mimi nikaiacha peke yangu, kimyakimya, nanyi nikawaacha nayo. Abdi, ambaye ndiye hodari kuliko wote niliowafundisha, alinitazama siku moja akaniuliza, "Mzee, mbona siku hizi hauchukui karatasi?" Nikamwambia mfuko umetoboka.

Sasa tufike mwezi uliopita.

Mke wangu Zeinabu ana presha na sukari. Kliniki ni bure, anakwenda kila mwezi, na mwezi ambao vidonge vipo anarudi navyo. Mwezi ambao havipo tunanunua. Ndivyo nilivyodhani. Kumbe yeye na jirani yetu Mama Kinoti, Mmeru mwenye ugonjwa kama wake, walikuwa wameunda chama chao cha watu wawili. Wananunua pakiti moja, wanagawana, kila mmoja anameza siku moja na kuruka siku moja. Leo zamu yako, kesho yangu. Wameendelea hivyo miezi, wakinificha ili nisiuze ng'ombe, mimi niliyekuwa nikisoma shida ya mtu kutoka kwenye vazi lake.

Asubuhi moja Zeinabu akaanguka jikoni. Mama Kinoti alikuja akilia, "Baba, ni mimi, jana ilikuwa zamu yake na mimi nilikuwa nasikia vibaya, akaniachia." Hata sikuwa na nguvu ya kumkasirikia. Tukampeleka Zeinabu hospitali, akapata kitanda, bure. Daktari, binti mdogo mwenye macho ya mtu asiyelala, akafungua kabati, akafunga kabati. Akaandika.

"Mzee, hii sindano hatuna," akaniambia. "Tafadhali ifike kabla ya adhuhuri. Nimekuomba."

Tuna ng'ombe mmoja, anayetupa maziwa ya chai. Nikamfunga kamba, nikaja sokoni kwa miguu hii mibovu. Nilikuwa nimevaa nguo nilizolalia. Karatasi ilikuwa kwenye mfuko wa shati.

"Mzee wangu! Salaam aleikum," Abdi akanipokea kwa mikono miwili. "Leo umeniletea kazi."

"Aleikum salaam. Abdi, huyu ng'ombe…"

Sikumaliza. Vidole viwili vilikuwa vimeshaingia mfukoni mwangu, vikaichomoa karatasi na kuitia mfukoni mwake. Hakuitazama. Alifanya kwa wepesi na adabu, vile vile nilivyomfundisha.

"Usiniambie, mzee," akasema akitabasamu. "Si wewe ulinifunza?"

Akaingia kazini. Mnunuzi alikuwapo, mikono ikaingia chini ya shuka. Mimi nikarudi pembeni, kwenye kivuli cha lori. Nilimsoma Abdi kwenye mabega, nikajua bei ya kwanza imeshatajwa na ni ya haki. Akaachia mkono. Akasalimia watu. Mnunuzi akaenda, akarudi. Mimi natazama jua.

Na hapo nikajua jambo ambalo sikulijua miaka yote. Nilinyamaza, na haikuwa adabu tu. Nilinyamaza kwa sababu nami nilitaka ile bei. Nilijua baada ya sindano hii kuna nyingine, na baada ya ng'ombe huyu hakuna mwingine. Mwenye shida anataka mambo mawili kwa pamoja, mgonjwa apone na nyumba isianguke, na anabaki amesimama katikati akitumaini kwamba dalali anajua. Galgalo alisimama hivyo saa tatu nzima. Nami nilidhani amesimama tu.

Nikamwendea Abdi. Nikamgusa bega.

Akanisukuma kwa kiwiko, bila kugeuka. "Tulia mzee, hii inaenda juu," akanong'ona.

Kiwiko kile kilikuwa changu. Nilikitambua.

Basi nikafanya mliyoyaona. Niliingiza mkono wangu chini ya shuka, nikaishika mikono yao yote miwili kwa nguvu, nikasema kwa sauti, "Imeuzwa. Hapo hapo ilipofika, imeuzwa." Mnunuzi akanitazama kama nimevua nguo. Abdi masikio yakamwiva kwa aibu. Kuna mmoja wenu, simtaji, alisema, "Wallahi huyu mzee amechanganyikiwa."

"Nipe karatasi yangu," nikamwambia Abdi.

Akatia mkono mfukoni, akatoa karatasi mbili.

Zilikuwa zimekunjwa sawasawa, mara nne. Akaitazama moja, akaitazama nyingine. Hakujua ipi ni yangu, angejuaje, hakuwahi kuzisoma. Nikazichukua zote mbili nikazifungua. Moja ilikuwa na jina la Zeinabu. Nyingine ilikuwa na jina nisilolijua, na mahali pa umri pameandikwa miaka miwili.

"Hii ni ya nani?"

Abdi akalisoma lile jina. "Ni ya mama mmoja aliniletea mbuzi wa maziwa," akasema. "Lakini huyo… huyo aliuza jana."

Nilikwenda na yangu, magoti na yote. Sindano ilifika kabla ya adhana, na Zeinabu sasa yuko hapo jikoni, ananiuliza ninaandika barua kwa nani. Abdi alipanda boda boda akaenda hospitali na ile karatasi ya jana.

Alirudi jioni, moja kwa moja mpaka kwangu, akakaa kwenye kizingiti. Zeinabu alikuwa bado wodini, kwa hiyo nikampikia chai mwenyewe. Aliishika mpaka ikapoa. Sikumuuliza alichokuta kule, ile karatasi ya mtoto ilikuwa bado mfukoni mwake. Nikakaa naye kizingitini, watu wawili wa kazi moja.

"Mzee," akasema mwisho, bila kunitazama. "Ule mfuko wako haukuwa umetoboka."

Nikamwambia haukuwa.